Kanuni za kazi ziandikwe wafanyakazi wakiwemo

Na Kambale Bahati

Kila mara ugomvi wa kazi unapozuka hapa Mugunga, mjini Goma, iwe kwenye geti la ONG, hospitalini au shuleni, maneno mawili husikika upande wa wafanyakazi. Wengine wanasema tumwite mjumbe wa sindika, yaani chama cha wafanyakazi. Wengine wanajibu kwamba akija atakula na patro, na sisi tutabaki palepale. Wote wana sababu zao. Mimi nasimama na wale wa kwanza, lakini kwa sharti moja ambalo wajumbe wengi hawapendi kulisikia: mjumbe anayeonekana siku mwenzake anapopewa barua ya kufukuzwa amechelewa. Kazi yake ilikuwa siku ile kanuni iliyomfukuza mwenzake ilipokuwa ikiandikwa. Kama hakuwepo siku hiyo, hana tena hoja ya kutoa. Atabaki kuomba huruma, na huruma patro huitoa anapotaka na kuinyima anapotaka.

Sheria yenyewe imempa mjumbe nafasi hiyo. Kodi ya Kazi ya Kongo, yaani Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inamlazimu mwajiri kuwauliza wajumbe wa sindika juu ya saa za kazi, vigezo vya kuajiri na kufukuza, namna ya kulipa, na kanuni za ndani za kampuni. Wajumbe hao huchaguliwa na wafanyakazi wenyewe, na mwajiri hawezi kumfukuza mjumbe kama anavyomfukuza mtu mwingine bila mkaguzi wa kazi kuingia kati. Kinga hiyo haikutolewa ili mjumbe awe mtu wa heshima. Ilitolewa ili aweze kusema hapana bila kupoteza mkate wake. Tumchukue mlinzi wa usiku, kazi ambayo vijana wengi wa upande huu wa mji wanaifanya. Sheria inaweka saa 45 kwa juma. Zamu sita za saa 12 ni saa 72. Kama kazi ya ulinzi inahitaji mpango wa pekee, basi mpango huo ujadiliwe, uandikwe na uonyeshwe. Mlinzi mmoja akiuliza peke yake saa zinazozidi zinalipwa vipi, ataambiwa kanuni ndivyo ilivyo. Wajumbe wakiuliza kabla ya kanuni kutiwa sahihi, mwajiri analazimika kujibu.

Mfano ulio wazi zaidi kwetu ni wa vibarua. Kwa miaka mingi Mugunga na Lac Vert zilibeba kambi za wakimbizi wa ndani, hadi zilipobomolewa na kuachwa tupu mwezi Februari 2025. Kazi nyingi zilizozunguka kambi hizo zilikuwa za siku kwa siku: kuchimba vyoo kwenye mawe haya ya volkeno, kujenga vibanda, kugawa maji, kupakua magari ya chakula. Wengi walioifanya kazi hiyo hawajui kwamba Kodi ya Kazi ina kifungu kinachowahusu. Mtu aliyefanya kazi siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kuisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ni kifungu chenye nguvu sana. Lakini nani anahesabu siku hizo? Kibarua akihesabu zake na kwenda kudai, kesho yake jina lake linaweza kukosekana kwenye listi, na hakuna barua ya kumfukuza ambayo angeipeleka kwa mkaguzi. Na mwajiri anayetaka kukikwepa kifungu hiki anaweza kubadilisha watu kila baada ya siku 20, bila kumgusa mtu yeyote kwa namna inayoonekana. Ujanja wa namna hiyo hauonekani kwa mtu mmoja. Unaonekana kwa anayeshika listi zote za miezi mitatu au minne na kuzilinganisha. Ni sindika tu inayoweza kudai kuziona listi hizo bila mtu mmoja kulipia dai hilo kwa kukosa kazi.

Kuna wanaosema kwamba mfanyakazi hahitaji sindika kwa sababu mlango wa mkaguzi wa kazi uko wazi kwa kila mtu, na baada ya mkaguzi kuna mahakama ya kazi. Ni kweli, mlango huo upo, na kuna watu wamepata haki yao kupitia hapo. Lakini kesi ya mtu mmoja ikishinda inamlipa mtu huyo fedha zake, na kanuni iliyomwumiza inabaki ukutani ikiwangoja wenzake. Tena angalia muda. Kati ya mwaka 1999 na 2003, Bukavu ikiwa chini ya waasi wa RCD-Goma, kiwanda cha bia cha Bralima, kilichokuwa cha kundi la Heineken, kilipunguza wafanyakazi. Wafanyakazi 168 walidai kwamba waliondolewa kinyume cha haki na kwamba kampuni ilishirikiana na utawala wa waasi kuwaondoa. Hawakukaa kimya, lakini ni Desemba 2015 malalamiko yao yalipofikishwa Uholanzi, kwenye ofisi inayosimamia miongozo ya OECD kwa kampuni za kimataifa, na makubaliano yakapatikana Agosti 2017. Wapo watakaosema kesi hiyo inaonyesha kwamba haki hufika hata ikichelewa. Mimi naona mambo mawili ndani yake. Walisikika kwa sababu walikwenda wote 168 kama kundi moja. Mmoja wao peke yake asingefika mbali. Na mtoto aliyefukuzwa shule mwaka 2000 kwa sababu baba yake hana kazi hakurudishiwa chochote na makubaliano ya mwaka 2017. Ulinzi wa kweli ungekuwa wajumbe wenye nguvu mezani wakati orodha ya kupunguza watu ilipoandaliwa, wakiuliza nani anaondoka, kwa kigezo gani, na kwa idhini ya nani.

Hoja nzito zaidi dhidi yangu ni kwamba sindika zetu zimeoza. Sitaikana, kwa maana historia inaieleza. Mwaka 1967 Mobutu aliunganisha vyama vyote vya wafanyakazi kuwa kimoja, kilichokuja kuitwa UNTZa, na kwa zaidi ya miaka 20 mjumbe alikuwa mkono wa chama tawala ndani ya kiwanda. Baada ya tangazo lake la vyama vingi la tarehe 24 Aprili 1990 mlango ulifunguliwa, na leo nchi ina mamia ya sindika, nyingine zikiwa na muhuri na rais bila wanachama. Watumishi wa Serikali, ambao Kodi ya Kazi haiwahusu, wameonja uchungu wa namna nyingine. Makubaliano ya Mbudi ya Februari 2004 yaliweka mshahara wa chini wa dola 208, na miaka mingi baadaye walikuwa bado wanadai yatekelezwe. Walimu wa Kivu wanajua vizuri jinsi inavyouma kusikia redioni kwamba viongozi wamesaini Kinshasa na mgomo umekwisha, wakati walio darasani hawajaulizwa. Lakini tazama hasira hiyo inalenga nini. Inamlenga kiongozi anayesaini bila kuwauliza aliowatuma, kosa lilelile la mwajiri anayeandika kanuni bila kuwauliza anaowaajiri. Dawa yake ni kumbana mjumbe na kumwondoa kwa kura akishindwa. Anayejitoa kwenye sindika kwa hasira anamwachia mjumbe mbovu kiti, muhuri na haki ya kusema kwa jina la wote.

Wengine wanashitaki utaratibu. Sheria inataka upatanisho kwanza, kisha usuluhishi, ndipo mgomo, na vijana wanaona sindika inawashika mikono wakati chuma kiko moto. Hapa naitetea sindika bila kusita. Mgomo unaozuka asubuhi moja bila karatasi unampa mwajiri sababu ya kufukuza kundi zima kwa kosa kubwa, na ndivyo watu wanavyopoteza kesi ambayo wangeshinda. Kenya iko karibu nasi. Makubaliano ya madaktari ya mwaka 2013 yalibishaniwa kwa miaka kwa sababu hayakuwa yamesajiliwa mahakamani, na ilibidi wagome siku 100, hadi Machi 2017, viongozi wao wakitupwa jela katikati ya mgomo huo. Utaratibu unachosha, lakini karatasi isiyokamilika inachosha zaidi.

Imebaki hoja ya njaa, nayo naiheshimu kuliko zote. Tangu vita vilipoingia mjini mwisho wa Januari 2025, Goma imeona benki zikifungwa, uwanja wa ndege ukifungwa, miradi ikiondoka na mishahara ikikatika. Mtu mwenye kazi Mugunga leo anajua kuna wengi nje ya geti wanaoitaka kazi hiyo kwa nusu ya malipo. Anaambiwa huu si wakati wa kudai kanuni. Lakini ni katika wakati kama huu kanuni mpya huandikwa haraka haraka: mikataba mifupi zaidi, zamu ndefu zaidi, kukatwa mshahara kwa kuchelewa hata siku barabara ya Sake imefungwa. Hali ikitulia, kanuni hizo hazitajifuta. Na kudai kuulizwa hakumgharimu mwajiri hata faranga moja. ONG yenye bajeti ndogo inaweza kukaa na wajumbe wake saa mbili na kuwaeleza kwa nini inabadilisha zamu.

Kwa hiyo nawaomba wafanyakazi wa Mugunga jambo moja. Uchaguzi wa wajumbe utakapofika mahali pa kazi, msimchague mtu kwa sababu anajua kuongea au ni wa kwenu. Mwombeni kila mgombea alete nakala ya kanuni za ndani za kampuni yenu, azisome mbele yenu kwa Kiswahili, na aseme ni kifungu gani atakachopeleka mezani kwanza. Asiyekuwa na nakala hiyo, msimpe kura.