Mambo ya Nyumbani: Kupokelewa Chuoni Si Kuandikishwa

Ndugu msomaji, juma hili naomba tuketi pamoja tuzungumze juu ya jambo ambalo limeanza kuingia katika nyumba za askari wetu, nalo ni barua za vyuo vya Marekani.

Jioni moja mwezi uliopita, jirani yangu, sajini wa polisi, alibisha hodi akiwa pamoja na mkewe. Kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi ya ofisi, majirani huniletea karatasi za shule za watoto wao nizisome. Safari hii mama alikuwa ameifunga barua ndani ya kitambaa. Barua ilisema kwamba kijana wao, aliyemaliza kidato cha sita, amepokelewa katika chuo cha jamii nchini Marekani. Dalali aliyeileta alidai shilingi milioni 6 za kuishika nafasi hiyo, zilipwe kabla ya mwisho wa juma, ama sivyo angepewa mtoto mwingine. Sajini alikuwa amekwisha kuchukua fomu ya mkopo katika chama chao cha akiba.

"Mwalimu," akaniuliza, "nitie sahihi au nisitie?"

Niliisoma barua ile mara mbili. Haikuwa ya bandia. Chuo kipo, na kijana amepokelewa kweli. Lakini ilinibidi niwaeleze wazazi wale kwamba kitu walichotaka kukinunua kwa shilingi milioni 6 hutolewa na vyuo hivyo bure, au kwa ada ndogo tu ya maombi.

Vyuo vya jamii si kama vyuo vikuu vinavyochagua wachache na kuwaacha wengi. Chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi 6, ili vijana wa mji ule wapate masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Mwaka 1944 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipia masomo askari waliokuwa wakirejea kutoka Vita Kuu ya Pili, na wengi wao wakaingia katika vyuo vya namna hiyo. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ikashauri vienezwe nchi nzima. Leo vyuo hivyo ni zaidi ya 1,000. Desturi yao ni kumpokea karibu kila aliyemaliza masomo ya sekondari, isipokuwa katika kozi chache kama uuguzi, ambazo zina mchujo wake. Kwa hiyo barua ya kupokelewa haimaanishi kwamba mtoto ameshinda wenziwe. Ni mlango uliokuwa wazi tangu mwanzo.

Kazi iko mbele ya mlango huo. Kupokelewa ni jambo moja, na kuandikishwa ukaketi darasani ni jambo jingine. Tena njia ni mbili, wala hazifanani.

Njia ya kwanza ni ya mtu anayeishi kule kwa haki ya ukaazi, wakiwamo wakimbizi waliopewa makazi, kama ndugu zetu wengi waliotoka Kongo. Huyu hulipa ada ya mwenyeji, ambayo kwa wastani ni kama dola 4,000 kwa mwaka. Akijaza fomu ya msaada wa Serikali iitwayo FAFSA, ambayo haina malipo, aweza kupata ruzuku ya Pell asiyotakiwa kuirudisha. Katika mwaka wa masomo 2025–26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Ikiwa unaye mpwa au shemeji kule, na hali yake ni hiyo, mwandikie umweleze habari hii. Wengi huacha masomo kwa kudhani kwamba hawana uwezo.

Njia ya pili ni ya kijana anayetoka hapa kwetu Uganda, nayo ndiyo iliyomhusu mtoto wa sajini. Huyu hulipa ada ya mgeni, ambayo ni mara kadhaa ya ile ya mwenyeji, wala ruzuku ya Pell si yake. Vingi vya vyuo hivyo havina mabweni, basi atapanga chumba. Ukijumlisha ada, chakula, chumba na bima ya afya, mara nyingi hesabu hupita dola 20,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni 70.

Hatua zenyewe hufuatana hivi. Kijana hutuma maombi pamoja na matokeo yake ya mitihani. Mzazi au mfadhili huonyesha karatasi za benki kuthibitisha kwamba fedha za mwaka wa kwanza zipo. Chuo kikiridhika hutoa fomu iitwayo I-20. Bila fomu hiyo hakuna viza ya masomo, hata barua ya kupokelewa iwe na mihuri kumi. Kisha hulipwa ada ya SEVIS, dola 350, ndipo huombwa viza na kwenda kuhojiwa ubalozini. Viza yaweza kukataliwa, na ada ya maombi yake hairudishwi.

Akifika, kwani haruhusiwi kuingia mapema kuliko siku 30 kabla ya masomo, vyuo vingi humpima Kiingereza na hesabu. Akionekana dhaifu, aweza kupangiwa masomo ya kuimarisha ambayo hulipiwa lakini hayahesabiwi katika shahada ndogo ya miaka miwili. Hukutana na mshauri, huchagua masomo, na sheria ya viza humtaka achukue krediti zisizopungua 12 kwa muhula. Asipolipa ada kwa tarehe iliyowekwa, jina lake laweza kufutwa darasani, na akiacha kusoma huvunja masharti ya viza. Kazi anayoruhusiwa katika mwaka wa kwanza ni ya ndani ya chuo tu, isiyozidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Hiyo haitoshi kulipa ada.

Nilipofika hapo, mama, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliuliza swali moja tu: "Na mwaka wa pili nani atalipa?"

Sajini alitazama chini. Hakuna aliyekuwa amemwuliza dalali swali hilo.

Ndugu msomaji, sisemi watoto wetu wasiende. Wako waliosoma miaka miwili katika chuo cha jamii, wakahamishia krediti zao chuo kikuu na kumaliza shahada kwa gharama ndogo kuliko wangeanzia huko. Nasema tusinunue mbuzi ndani ya gunia. Ombeni wenyewe, moja kwa moja chuoni. Hakikisheni kwamba chuo kimo katika orodha ya Serikali ya Marekani ya vyuo vilivyoruhusiwa kupokea wageni. Ofisi za ushauri za EducationUSA hueleza mambo haya bila malipo. Ulizeni pia sheria za viza kabla ya kutumia hata senti moja, kwa sababu hubadilika ghafla: mwezi Juni 2025 jirani zetu wa Burundi waliwekewa mipaka, hata ya viza za wanafunzi. Na anayekuharakisha ulipe kabla ya mwisho wa juma, mwulize fomu ya I-20 iko wapi.

Fomu ya mkopo sajini aliirudisha bila kutia sahihi. Kijana alinung'unika siku mbili tatu, kisha akaja kwangu kuomba tuandike pamoja barua kwa vyuo viwili, kuuliza gharama zote za miaka miwili. Wakati anasubiri majibu amejiandikisha katika chuo cha ufundi hapa hapa nchini, kozi ya umeme. Mama yake amekirudisha kitambaa kichwani.

Hadi juma lijalo, nawatakia amani nyumbani na salama kazini.