Bia ya "Organic" Imefika Mtito Andei, na Niko na Swali Moja

Sawa wasee, kwanza onyo. Kama hujafika miaka 18, soma tu, usitafute chupa. Hiyo ndiyo sheria, na mwaka 2025 NACADA ilikuja na sera inayotaka umri upandishwe hadi 21. Pili, hakuna mtu amenilipa kuandika hii, kwa hivyo jina la bia silitaji.

Jumamosi iliyopita rafiki yangu alishuka SGR hapa Mtito Andei na chupa mbili kwa begi, amezifunga na sweta kama mtoto. Alizinunua Nairobi, shilingi 450 kila moja. Lebo ina picha ya jani na maandishi makubwa: Organic Craft Pilsner. Yaani pilsner ya kiwanda kidogo, imetengenezwa kwa mazao ya kilimo hai. Huku kwetu ukisema Pilsner mtu anafikiria ile ya simba kwa lebo. Nikataka kujua hii ya 450 inaishinda na nini.

Tuanze na ladha. Tuliweka chupa ya kwanza kwa friji ya duka la jirani masaa matatu, kwa sababu joto la hapa mnalijua, na pilsner ikipata moto haina maana tena. Halafu tukaimimina kwa glasi. Ukinywea kwa chupa huoni rangi na harufu inakupita, na hivyo vyote umevilipia.

Rangi ni ya dhahabu, safi, unaona kidole chako upande ule mwingine wa glasi. Povu ni jeupe na halikukimbia. Harufu ni kama nyasi zimekatwa asubuhi, na maua kidogo. Hiyo inatoka kwa hopsi, lile ua linaloipa bia uchungu wake. Nyuma yake kuna harufu ya mkate, hicho ni kimea cha shayiri. Mdomoni ni nyepesi, uchungu unakuja mwisho halafu unakuacha na mdomo mkavu, msafi. Hakuna utamu wa kubaki kwa meno. Kosa lake ni gesi nyingi, nilicheua kama mzee wa harusi.

Chupa ya pili tuliiharibu wenyewe. Tuliisahau dirishani mchana mzima, na ni chupa ya kijani. Mwanga wa jua ukipiga hopsi unaleta harufu mbaya, ndiyo maana bia nyingi huwekwa kwa chupa za kahawia. Hiyo siihesabu. Ladha naipa 8 kwa 10, na sina ubishi.

Na wametengeneza pilsner kweli. Hilo jina linatoka mji wa Plzeň, Jamhuri ya Cheki, ambako mwaka 1842 Josef Groll, mtengenezaji kutoka Bavaria, alitoa bia ya kwanza ya aina hii. Shayiri, hopsi, hamira, maji laini na subira ya kuiacha kwa baridi. Ukikosea mahali, hakuna kitu cha kuficha kosa.

Sasa tuje kwa neno organic. Hilo huwezi kulionja. Ni ahadi kuhusu shamba: kwamba hakuna mbolea ya kemikali, hakuna dawa za viwandani. Afrika Mashariki tuko na kiwango cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na kina alama yake, KilimoHai. Nikageuza chupa. Alama ya KEBS iko. Stempu ya KRA iko. KilimoHai haiko, na hakuna alama kama hiyo ya nchi nyingine. Haisemi hata kama shayiri ni ya Narok, ya Timau ama ya ng'ambo. KEBS inakuambia kinywaji kimefikia viwango, KRA inakuambia ushuru umelipwa. Kuhusu shamba, ni lile jani tu linaongea.

Nilimpelekea mjomba wangu glasi. Yeye anafuga nyuki na hutengeneza kaluvu, ile pombe yetu ya asali. Akaonja, akatikisa kichwa kidogo, akasema si mbaya. Nikamweleza ati hii ni ya bei kwa sababu nafaka yake haikupuliziwa dawa. Akaniuliza, "Nani alienda shambani kuona?"

Nikanyamaza. Halafu nikamrudishia swali, "Na kaluvu yako, mjomba? Ni asali peke yake?"

Akacheka. Akakubali kwamba siku hizi anaongeza sukari ya duka, kwa sababu asali ni ghali na mvua ikikosekana nyuki hawana maua. Kaluvu ya zamani ilikuwa maji, asali na matunda makavu ya mwegea, yale Wakikuyu wanaita muratina. Hiyo ilikuwa organic kabla neno lenyewe lifike hapa. Ya leo, inategemea umeenda kwa nani.

Kwa hivyo sitawaambia eti cha kienyeji ni kizuri na cha mabwanyenye ni uongo. Hii kaunti inajua bei ya kuamini kinywaji bila kujua kilicho ndani. Mei 2014, pombe yenye methanoli iliua watu zaidi ya 60 Embu, Kitui, hapa Makueni na kwingine. Na hiyo sumu huwezi kuitegemea ladha ikuonyeshe.

Msimamo wangu ni huu. Anayeandika organic kwa chupa aonyeshe nani alienda shambani. Kama hana, aandike tu pilsner, kwa sababu ladha yake inatosha kumuuzia. Ukinilipisha 450, sehemu ya hiyo pesa ni ya ile ahadi, na mimi sina pesa ya kununua picha ya jani. Kwa lebo nawapa 3 kwa 10.

Na sisi wa huku tuna kazi yetu. Mtama wa Ukambani tayari unaingia kwa Keg ya Senator, kwa hivyo msiniambie shamba letu haliwezi kutoa bia. Na kile kiwango cha KilimoHai kinakubali kikundi cha wakulima kikaguane chenyewe, kwa utaratibu uliosajiliwa, bila kulipa kampuni kubwa ya ukaguzi. Vijana wa mtama na wa mizinga mnaweza kuanzia hapo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini kujaza daftari la shamba naweza, na mjomba nimeshamwambia mizinga yake ndiyo ya kwanza.

Siku nitaona bia ya mtama wa Makueni yenye hiyo alama na jina la kijiji, nitatoa 450 bila kulia. Hadi hapo, ukiletewa chupa ya jani, igeuze kwanza.