Kochi la sebuleni na sala ya bibi



Juma lililopita niliitwa katika nyumba moja hapa Misugusugu, si mbali na barabara kuu iendayo Morogoro, nisaidie kusuluhisha jambo ambalo kwa nje laonekana dogo. Bibi mwenye maradhi ya magoti, ambaye kwa muda mrefu huswali akiwa ameketi juu ya kochi la sebuleni kwa mwanawe, alikuwa amekwisha kufunga kanga zake ili arejee kwake Kisarawe. Sababu ni mjukuu wa miezi tisa aliyekojoa juu ya kochi hilo.

Mkwewe alikuwa amelisafisha. "Mama, nimelifuta kwa kitambaa kibichi na sabuni, nikapulizia na manukato. Hata harufu hakuna."

"Na maji uliyamimina, mwanangu?"

"Litaoza, mama. Ndani ni sponji."

Mume akaingilia kwamba mtoto ni wa kiume, hivyo kunyunyizia kunatosha. Bibi akamuuliza mtoto amekula nini asubuhi. Akajibu kuwa amekula uji. Bibi akanyamaza, akanitazama mimi.

Bibi alikuwa na haki. Rukhsa ya kunyunyizia, kwa madhehebu ya Imam Shafi ambayo wengi wetu huku Pwani twayafuata, ni ya mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na ambaye chakula chake ni maziwa tu. Akishaanza kulishwa uji, mkojo wake huoshwa sawasawa na wa dada yake. Na hata huko kunyunyizia, sharti maji yaenee mahali pote palipoingia mkojo.

Lililowakosanisha wawili hawa ni kwamba doa na najisi ni vitu viwili mbalimbali. Sabuni, siki, manukato na dawa za kupuliza huondoa doa au harufu. Kinachotwahirisha ni maji. Kitambaa kibichi aghalabu huutandaza mkojo na kuusukuma ndani zaidi. Upande wa pili, rangi iliyogoma baada ya kuoshwa kwa bidii imesamehewa. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud kuwa Khawla bint Yasar, aliyekuwa na vazi moja tu, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu damu isiyotoka, akajibiwa kuwa maji yamtosha na alama yake haimdhuru.

Ajabu ni kwamba kwenye mkono wa kochi lilelile palikuwa na doa la kahawia la maji ya mabibo, ambalo mama huyu alilihangaikia siku tatu kwa Jiki hadi kitambaa kikapauka pembeni. Anayejua mikorosho yetu anajua kuwa maji ya bibo yakishakauka nguoni hayana dawa. Lakini bibo si najisi. Jasho lote lilikwenda kwenye doa lisilobatilisha sala, na kwenye lile linalobatilisha kukapita kitambaa kimoja.

Basi tulifanya hivi. Kwanza mkojo hunyonywa kwa taulo kavu, kwa kukandamiza kutoka pembeni kuja katikati, bila kusugua, hadi taulo litoke kavu. Taulo hilo nalo ni najisi, lioshwe. Ikiwa mto wa kochi unatoka, utolewe nje, kifuniko kivuliwe, na sponji imiminiwe maji ikiwa imeinamishwa ili yapite na kutoka. Ikiwa kiti kimeshonewa palepale, yamiminwe maji ya baridi polepole kwa kopo, yawe mengi kuliko mkojo na yavuke mpaka wake, kisha yanyonywe kwa taulo jingine. Haya si mageni. Bedui alipokojoa katika msikiti wa Madina, Mtume (S.A.W.) aliamuru pamiminwe ndoo ya maji, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, na udongo haukung'olewa wala kukamuliwa.

Harufu ikibaki, kikombe kimoja cha siki katika viwili vya maji, kiachwe robo saa, kisha maji matupu tena mwishoni. Jaribu kwanza nyuma ya kochi uone kama rangi inatoka. Maji ya moto yaepukwe, hasa kwa damu na maziwa, kwani hulifanya doa ligande.

Hapa naomba tuelewane vizuri: Jiki isimiminwe juu ya mkojo, wala isichanganywe na siki. Katika hali zote mbili hutoka hewa ya sumu inayochoma macho na kifua, na mtoto atambaaye sakafuni huivuta kabla yako.

Hofu ya kuoza ni ya kweli, khasa wakati wa masika. Dawa yake ni upepo na jua: kochi lisimamishwe kwa ubavu karibu na dirisha, mto uanikwe uwanjani siku nzima (si chini ya mkorosho, tafadhali), nao usirudishwe hadi ukiukandamiza usisikie ubaridi ndani.

Bibi naye nilimwambia lake. Najisi kavu haihamii kwenye nguo kavu, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kufua kanga zote kwa kuwa tu zilipita karibu na kochi. Na siku ambayo mtoto atakojoa na adhana iko karibu, atandike mswala safi mzito mahali pakavu, aswali. Sala yake ni sahihi. Wasiwasi nao una mlango wake wa kuingilia nyumbani.

Alisema, "Mwanangu, nilikuwa nangoja mtu amwambie huyu binti, si mimi." Mkwewe akacheka, akaenda kuchota maji.

Mto ulianikwa siku mbili. Ijumaa bibi aliswali alasiri juu yake. Doa la bibo lingali palepale kwenye mkono wa kochi. Wamelifunika kwa kitambaa cha kufuma.