Faini haitamlipa mwanamuziki

Siku ya gulio Murusagamba, wilayani Ngara, kibanda chenye sola juu ya bati hakikosi wateja. Ndani kuna kompyuta moja, spika, waya za chaji za kila aina, na kijana anayepokea memori kadi moja baada ya nyingine. Kila mteja ana lake: huyu anataka Bongo Fleva mpya, yule kwaya, mwingine nyimbo za Kirundi kutoka ng'ambo ya mpaka, na mzee mmoja anaulizia za Marijani Rajabu. Mteja anaacha shilingi mia chache, anarudisha kadi kwenye kiswaswadu chake na kuondoka muziki ukilia mfukoni. Jina la mtunzi halijaandikwa popote, na katika zile shilingi hakuna hata moja inayomfikia.

Kwa mujibu wa sheria, kijana huyo ni mkosaji. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamruhusu mtu kunakili kazi kwa matumizi yake binafsi, lakini anayenakili kwa biashara aliwekewa faini ya hadi Sh milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa kosa la kwanza. Marekebisho ya mwaka 2019 yakaongeza makali. Ndiyo maana kila wasanii wanapolalamikia kipato, huwa hawakosekani wanaotaka vibanda hivi vivamiwe na wenye simu watishwe.

Wasanii wana haki ya kulalamika. Dawa inayopendekezwa ndiyo mbovu.

Marekani waliijaribu. Septemba 8, 2003, chama cha kampuni za kurekodi muziki, RIAA, kilifungua kesi 261 kwa mkupuo dhidi ya watu waliokuwa wakigawana nyimbo kwenye intaneti. Miongoni mwao alikuwemo mtoto wa miaka 12 wa New York, ambaye familia yake ilimaliza shauri kwa kulipa dola 2,000. Mama mmoja wa Minnesota aliamriwa mwaka 2009 kulipa dola milioni 1.92 kwa nyimbo 24; baada ya miaka ya kupanda na kushuka mahakamani zikabaki dola 222,000, ambazo bado ni mzigo wa maisha kwa mtu wa kipato cha kawaida. Hadi kampeni hiyo inasitishwa mwishoni mwa 2008, watu wapatao 35,000 walikuwa wamekumbwa nayo, na nyimbo zilikuwa bado zinagawanwa. Kilichokuja kuwarudisha wasikilizaji kwenye njia halali ni huduma za bei nafuu, zilizo rahisi kuliko kuiba.

Hapa nchini nguvu zilielekezwa kwenye kaseti na CD. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu ili nakala halali itambulike. Lilikuwa wazo zuri lililochelewa. Wakati stempu zinabandikwa, vijana walikwishazoea kurushiana nyimbo kwa Bluetooth, na faili la simu halina mahali pa kubandika stempu.

Mkoa wa Kagera, ilipo Ngara, una sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Saida Karoli alitoka huku na Kihaya chake, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyimbo zake zilitikisa harusi, mabasi na baa nchi nzima, hata kwa watu wasioelewa neno moja la Kihaya. Wapo waliouza kanda, wapo waliozidurufu, wapo waliojaza kumbi zao kwa sauti yake. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny waliufanyia wimbo wake toleo jipya, "Salome", na kizazi kipya kikaanza kuuliza mwenye wimbo yuko wapi. Mtu aliyeimbisha taifa zima hakupaswa kuulizwa hivyo.

Fedha kubwa za muziki haziko kwenye kibanda cha gulio. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliiamuru kampuni ya simu ya Tigo iwalipe wasanii AY na MwanaFA Sh bilioni 2.18 kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ridhaa yao, nayo kampuni ikakata rufaa. Vibanda vingapi vya memori kadi vingekamatwa ndipo zifike bilioni mbili? Redio, televisheni, baa, hoteli na mabasi vyote huuza kwa mgongo wa muziki, na huko ndiko Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) inakopaswa kukaza mkono.

Tena msikilizaji amekwishaanza kuchangia. Mwaka 2023 ilianza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyoweza kurekodi na kuhifadhi kazi za sanaa, na tozo ya namna hiyo mwisho wake huishia kwenye bei anayolipa mnunuzi. Kumtoza mwananchi dukani, kisha kumtishia kifungo kibandani, ni kumwonea.

Kinachokosekana ni leseni inayomfaa mwenye kibanda. Halmashauri tayari hukusanya ushuru wa magulio kwa mashine za mkononi. Ada ndogo ya hakimiliki inaweza kupitia humo humo. Kompyuta ya mwenye kibanda inaweza kuonyesha nyimbo zipi zimechukuliwa zaidi, taarifa ambayo ingesaidia mgao wa mirabaha uwafikie hata wasiopigwa kwenye redio za Dar es Salaam. Kwa kwaya na waimbaji wa Kihangaza na Kishubi, lugha za Ngara, kibanda hicho ni msambazaji wao. Kikifungwa, nyimbo zao zinabaki studio.

COSOTA na Halmashauri ya Wilaya ya Ngara wakae na wenye vibanda, wawape leseni wanayoimudu, wawasajili waimbaji wa hapa, na mirabaha ya kwanza ilipwe hadharani, sokoni, kabla kijana yeyote wa Murusagamba hajapelekwa mahakamani.