Kikombe ni cha nani kama mtoto hakuandika hata mstari mmoja?

Wasee, leo sina vichekesho. Kama ulikuja kwa video za makanga wa Runyenjes, rudi kesho. Leo nina hasira na nataka tuongee.

Wiki jana mwalimu mmoja alinipigia simu. Simtaji, wala shule yake siitaji. Akasema ameona vile mimi huandika, anataka nimtengenezee shairi la watoto wa gredi ya tano, la tamasha la muziki. Malipo ni 15,000. Jina langu lisionekane popote. Mpaka hapo sikushtuka, watu huandikia watu kila siku. Halafu akashusha sauti kama mtu ananunua kitu haramu: "Na kama unajua jaji yeyote wa kaunti, tuongee naye mapema. Hiyo pesa iko kando."

Gredi ya tano, jameni. Watoto wa miaka kumi!

Niliacha chuo mwaka wa pili na nina deni la kodi ya miezi miwili, kwa hivyo usifikirie 15,000 ni pesa ya mchezo kwangu. Nilikataa. Na si ati mimi ni malaika, utaona huko mbele.

Kama ulisomea Kenya unajua vile hii kitu huenda. Tamasha la Muziki lilianza 1927, kwa hivyo hata nyanya zetu walilikuta. Drama ni muhula wa kwanza, muziki muhula wa pili. Unaanza zoni, unapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, halafu taifa. Kila ngazi kuna meza ya majaji na karatasi za alama. Mwisho jaji anasimama, anatoa maoni polepole huku matumbo yenu yanacheza, kisha anataja nani amepita.

Nikiwa darasa la saba tulikuwa na shairi la kughani kikundi, watoto kumi na wanane. Liliandikwa na mwalimu wetu wa Kiswahili pamoja na sisi, chini ya miti ya mubariti nyuma ya madarasa, kila jioni baada ya masomo. Lilihusu kahawa. Vile mzazi anachuma, anabeba mpaka kiwandani, anangoja malipo, na sare ya shule inangoja pia. Mstari wa lori la kahawa ulitoka kwa msichana mmoja wa darasa letu. Aliuona mwenyewe nyumbani kwao, hakuambiwa na mtu.

Tulifika kaunti. Shule iliyotutangulia ilikwama katikati ya shairi. Kabisa, kimya. Jamaa mmoja wa jaketi ya ngozi akawatajia maneno kutoka pembeni, tukamsikia mpaka sisi tuliokuwa nyuma. Huyo jamaa tulikuwa tumemwona saa ya chakula akila na majaji, wakicheka kama watu wa boma moja. Hakuwa mwalimu wa hiyo shule. Alikuwa mkufunzi wa kukodi.

Wao wakawa namba moja, sisi namba tatu. Na jaji, akitoa maoni, akatuiga: "Mlisema ngari. Si ngari, ni gari." Ukumbi wote ukacheka. Sawa, ni kweli, ulimi wa Embu huleta hiyo n. Lakini kukwama hakukutajwa. Kutajiwa maneno hakukutajwa. Yule msichana wa mstari wa lori ndiye aliyesema "ngari". Hakupanda jukwaa tena mpaka tukamaliza darasa la nane.

Sasa sehemu yangu. Sekondari nilienda shule yenye pesa kidogo. Tukaletewa mkufunzi wa kukodi, mchezo ukaja umeshaandikwa, hata kicheko kimewekwa pahali pake. Siku moja kabla ya mashindano akatuambia, "Msijali, huko juu nimeongea." Hatukujali. Tukashinda. Nilibeba kikombe nikizunguka nacho uwanjani wakati wa gwaride, shule nzima inapiga makofi. Nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu kushinda ni kutamu hata kama umeibiwa ushindi na kuletewa. Ndio maana nikisema huu uchafu naujua, naujua kutoka pande zote mbili.

Kwa mpira angalau tuna jina lake: mamluki. Timu ikipatikana na mchezaji ambaye si mwanafunzi wa hiyo shule, kunawaka. Kwa jukwaa, mamluki ni mtu mzima aliyeandika kila neno, akapanga kila hatua, na pengine msimu huohuo ni jaji mahali pengine au rafiki wa jaji. Huyo hakuna anayemuuliza kitambulisho. Anayemlipa ni nani? Mara nyingi ni mzazi, kupitia ile michango isiyoeleweka. Yaani mama anauza ndizi soko la Runyenjes ili mtoto wa mwingine ashindwe kwa njia ya mkato.

Aprili 2025 nchi nzima ilipiga kelele juu ya Butere Girls na mchezo wao wa Echoes of War. Mahakama Kuu ya Kisii ilikuwa imeagiza waruhusiwe, bado Nakuru kukawa na vitoa machozi, wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Tulikasirika, na tulikuwa na haki. Lakini watoto wa zoni zetu huonewa bila vitoa machozi, kwa hivyo hakuna kamera inayokuja. Huonewa kwa kalamu tu.

Kuna wale watasema, "Ni mashindano ya watoto tu, relax." Buda, hapo ndipo mtu anajifunza! Huyu mtoto akikua, akipeleka barua ya kazi, akienda kupiga kura, tayari anajua matokeo hupangwa saa ya chakula. Halafu tunashangaa vijana wanauliza "unajua nani huko?" kabla ya kuuliza "kazi ni gani?"

Wengine watasema majaji ni binadamu, hauwezi kuzuia. Unaweza. 2002, Olimpiki ya Salt Lake City, kulizuka kashfa ya kura ya jaji wa Ufaransa kwa mchezo wa kuteleza kwenye barafu. Wakanada wawili waliokuwa wamepewa fedha wakapewa dhahabu pia, na baadaye mfumo mzima wa alama ukabadilishwa. Watu walipiga kelele, kitu kikafanyika.

Sisi tunataka vitu vitatu tu. Moja, karatasi za alama zibandikwe ukutani siku hiyohiyo, kila shule ione ilipoteza wapi. Mbili, jaji aseme hadharani amefunza shule gani msimu huo, na hiyo shule ikipanda, yeye atoke mezani. Tatu, kazi iliyoandikwa na wanafunzi wenyewe ipewe alama zake, na jaji awaulize watoto: huu mstari ulitoka wapi? Mtoto aliyeandika atajibu. Aliyekaririshwa atatafuta jaketi ya ngozi kwa macho.

Na wewe mzazi, mtoto akirudi jioni usianze na "mmekuwa namba ngapi?" Muulize alisema nini.

Yule mwalimu nilimpigia tena jana. Nikamwambia nitakuja Jumamosi tatu, bure, nikae na hao watoto waandike shairi lao wenyewe, hata likiwa na "ngari" ndani. Amesema atafikiria.

Mwalimu, kama unasoma hapa, Jumamosi bado niko.