Somalia ikitimiza miaka 65, sisi wa Meru na Embu tusikae kimya

JUMANNE hii, Julai 1, bendera ya samawati yenye nyota nyeupe itapepea Mogadishu na kila mahali Wasomali walipo. Somalia inatimiza miaka 65 tangu eneo lililokuwa chini ya Italia lipate uhuru na, siku hiyohiyo ya mwaka wa 1960, likaungana na eneo la kaskazini lililokuwa limejitoa mikononi mwa Mwingereza siku tano mapema, Juni 26.

Nairobi itatuma salamu za pongezi kama ilivyo desturi. Ni vizuri. Lakini kama kuna Wakenya ambao sherehe hii inawagusa moja kwa moja, ni sisi wa Meru na Embu. Karo za wengi wetu zimelipwa na pesa zilizotoka Mogadishu. Hilo si siri, ni vile tu hatulisemi.

Hebu fuata safari ya miraa. Inachumwa asubuhi na mapema kule Igembe, inafungwa vitita ndani ya majani ya mgomba, kisha pikapu zinashuka mbio kuelekea Nairobi. Zinakimbia kwa sababu jani hili halingoji: likikaa siku mbili hivi, linapoteza nguvu na bei. Kutoka Nairobi linapanda ndege, na linapotua Mogadishu, linatua kwenye uwanja wa ndege wa Aden Adde.

Wangapi wetu tunajua huyo Aden Adde alikuwa nani? Ni Aden Abdullah Osman, rais wa kwanza wa Somalia. Mwaka wa 1967 alishindwa kwenye uchaguzi na Abdirashid Ali Shermarke, akampa mkono mshindi na kuondoka ofisini kwa amani. Hii ilikuwa Afrika ya miaka ya sitini, wakati marais wengi walikuwa wanatolewa na wanajeshi au hawatoki kabisa. Sisi tunaopenda kuizungumzia Somalia kama nchi ya vita tu tungefaa kulijua hilo kwanza.

Urafiki wetu na nchi hiyo umepimwa mara nyingi, na kipimo kilichotuuma zaidi ni cha juzi. Machi 2020, corona ilipoingia, Somalia ilifunga mlango kwa miraa ya Kenya. Tulidhani ni wiki chache. Ndege za abiria zikarudi, miraa ikabaki nje. Desemba mwaka huo, serikali ya Mohamed Abdullahi Farmaajo ikakata kabisa uhusiano wa kidiplomasia na Kenya. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa: siasa za ndani za Somalia, ziara ya kiongozi wa Somaliland hapa Nairobi, na kesi ya mpaka wa bahari kule mahakama ya kimataifa The Hague. Lakini aliyeumia alikuwa mchumaji wa Maua, dereva wa pikapu, na mama wa kibanda anayeuza chai kwa hao wawili. Miraa ya Ethiopia ikaendelea kuingia Somalia kama kawaida.

Uhusiano ulirudishwa Mei 2021, lakini soko halikufunguka. Ilibidi tungoje Rais Hassan Sheikh Mohamud achaguliwe Mei 2022, na Julai mwaka huo ndipo mizigo ikaanza tena kwenda. Zaidi ya miaka miwili! Kijana aliyekuwa kidato cha kwanza mlango ulipofungwa alikuwa anakaribia kumaliza shule ulipofunguliwa, kama hakuwa ameacha masomo kwa kukosa karo.

Funzo la kwanza ni hili: urafiki unaotegemea hisia za watu wawili ikulu si urafiki wa kutegemewa. Somalia sasa ni mwenzetu ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu Machi 2024. Basi viongozi wetu wa Meru na Embu waache kungoja sherehe za kuapishwa kwa rais ndipo wakaombe soko. Wadai makubaliano ya biashara yaliyoandikwa, yenye ushuru unaojulikana na njia ya kutatua mzozo kabla ndege hazijasimama.

Wa Embu atauliza, mimi na muguka wangu nahusikaje? Unahusika sana. Mei 2024, kaunti za Pwani zikiongozwa na Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka, na wakulima wa Mbeere wakaonja kile wenzao wa Igembe walichoonja. Serikali ya kitaifa ilisema marufuku hiyo haina nguvu, na kesi zikafika kortini. Lakini ujumbe ulikuwa umefika. Uholanzi ilifunga mlango 2013, Uingereza 2014, Somalia 2020. Tukitegemea jani moja na mlango mmoja, tutalia tena. Kijana mwenzangu, hata kama shamba la babu linakulisha leo, usiliache liwe ndiyo sababu ya kuacha shule.

Na rafiki wa kweli husikiliza. Wako akina mama wa Kisomali wanaolalamika kwamba pesa za chakula zinaishia kwenye miraa. Malalamiko hayohayo yanasikika Pwani, na tukiwa wakweli, yanasikika hata hapa nyumbani. Si lazima tukubaliane na kila wanachosema, lakini kuwaita maadui kwa sababu wamesema si haki.

Tusijidanganye pia kwamba hakuna makovu. Ile nyota ya bendera ina pembe tano, na moja ilihesabu eneo letu la kaskazini mashariki. Vita vya Shifta vilitokana na ndoto hiyo, hadi maelewano ya Arusha ya 1967. Aprili 2, 2015, magaidi wa Al-Shabaab waliua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika letu. Hatutasahau. Lakini tukumbuke pia kwamba kundi hilohilo limewaua Wasomali wengi kuliko Wakenya. Oktoba 14, 2017, bomu moja Mogadishu liliua zaidi ya watu 500.

Na kuna upande mwingine wa historia ambao tunastahili kujivunia. Serikali ya Somalia ilipoporomoka 1991, ni Kenya iliyofungua Dadaab. Mazungumzo ya kuijenga upya yalifanyika Eldoret na baadaye Mbagathi, na rais wao wa mpito, Abdullahi Yusuf, alichaguliwa hapa Nairobi Oktoba 2004. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tulifaana.

Jambo la mwisho, na hili ni letu sisi vijana. Tuache kuchanganya Msomali wa Somalia na Mkenya mwenye asili ya Kisomali. Yule jamaa wa duka la nguo mjini Meru, yule msichana mnayesoma naye Chuo Kikuu cha Embu, wana kitambulisho kama chako. Desemba 2015, basi lilipovamiwa kule Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengana na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo na akafariki Januari iliyofuata. Ukisikia mbogi yako inamwita mtu "gaidi" kwa mzaha kwa sababu ya jina au buibui, mkumbuke mwalimu huyo, kisha waambie wakome.

Kwa hivyo Jumanne, ukikutana na Msomali stejini, dukani au darasani, awe wa huku au wa kule, msalimie. Kama ana jamaa ng'ambo ya mpaka, mwambie awapelekee hongera. Haitakugharimu chochote. Mabalozi wakianza tena kununiana, na ipo siku watanuniana, salamu hizo ndizo zitakazobaki zikifanya kazi.

Hongera Somalia kwa miaka 65.