Sanaa Haingoji Karatasi ya Dukani

Kuna neno lililoenea miongoni mwa walimu na wazazi wa pwani yetu, nalo latupasa kulipinga waziwazi. Husemwa kwamba mtoto hawezi kufundishwa kuchora mpaka apate karatasi nyeupe na penseli za rangi kutoka dukani. Na akionekana akichora kwa mkaa juu ya ubao wa mtumbwi uliovunjika, huambiwa kwamba achezea takataka. Sisi twasema kwamba neno hilo si kweli, tena lina madhara. Mtoto wa mvuvi akiisha kulisikia mara nyingi, huamini kwamba uchoraji ni kazi ya wenye fedha, naye huuacha mkono wake ulale.

Wasemao hayo na waende Kaole, mwendo mfupi kusini ya mji wa Bagamoyo, wakayatazame magofu. Hapo pana misikiti miwili na makaburi mengi ya kale, na asili ya mahali hapo yahesabiwa tangu karne ya 13. Majengo yale ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Waashi wa pwani waliijua tabia ya jiwe la bahari: likitolewa majini likingali bichi ni laini, lakubali kuchongwa, likiisha kukauka huwa gumu. Na chokaa waliipata kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani ila kwa kukata, na kukosea, na kujaribu tena. Kisha katika makaburi mengine walipachika bakuli za kaure zilizoletwa kwa vyombo vya bahari kutoka Uchina. Bakuli ni chombo cha kulia. Wao waliifanya pambo la kaburi. Basi jiwe la kwao na chombo cha kigeni vikawa kazi moja.

Asije mtu akasema kwamba hayo ni makaburi ya Waislamu, hayatuhusu. Hapa hatushindani kwa habari za dini. Twanena habari za mikono, na mikono ile ilikuwa ya watu wa pwani hii.

Tena uko mfano wa karibu zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968. Hakungoja kitambaa cha wachoraji wala rangi zao za thamani. Alitwaa vipande vya mbao nyembamba za dari, akavipaka rangi ile ing'aayo ambayo watu huipaka baiskeli. Rangi hiyo hutanda sawasawa na kung'aa, kwa hiyo ilifaa kwa wanyama na ndege wa mistari ya wazi na rangi kali. Alifariki mwaka 1972, lakini hata leo uchoraji wa namna ile huitwa kwa jina lake, na wengi hupata riziki kwao. Na Wamakonde je? Barakoa zao za ngoma walizichonga kwa mti mwepesi; walipougeukia mpingo, ulio mzito na mgumu, vinyago vyao vilipata sura nyingine.

Kila kitu kina tabia yake, na tabia hiyo ni mwalimu. Mkaa huteleza juu ya ubao uliopigwa randa, lakini hushika juu ya tanga kuukuu. Udongo mwekundu uliokorogwa kwa maji matupu hukauka ukapukutika. Ukichanganywa na kiini cha yai hushika. Udongo huo ukipakwa ukutani juu ya chokaa ingali mbichi, hukauka pamoja nayo. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake amejifunza kupima, kulinganisha na kungoja. Penseli ya dukani peke yake haitamfundisha hayo.

Watatujibu kwamba vitu hivyo havidumu. Je, karatasi yadumu? Mchwa huila, na unyevu wa masika huiozesha. Lakini kuta za Kaole zingalipo. Wengine watasema kwamba darasa litakuwa fujo. Hilo ni juu ya mwalimu. Kujaribu si kuharibu. Na achague kitu kimoja kwa kila somo: leo kifuu cha nazi, juma lijalo ukili, kisha tanga. Chokaa na aikoroge mwenyewe, kwa maana huunguza macho na mikono. Wala mtoto asibanduliwe jiwe la magofu, wala asivunjiwe matumbawe yaliyo hai baharini. Vitu vilivyokwisha kutupwa ufukoni vyatosha.

Hatuidharau karatasi. Ikipatikana na itumiwe, nayo ijaribiwe kama vitu vingine. Tunalolikataa ni kungoja. Kwa maana miaka ya shule ni michache, na mkono usiofanyishwa kazi utotoni huwa mzito ukubwani.

Basi, walimu wenzetu, msiyafute masomo ya uchoraji kwa sababu kabati ni tupu. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto amekaa na mkaa na ubao wake, msimnyang'anye. Mwulizeni amegundua nini. Wahenga walituusia, Usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu umetandikwa kutoka mlangoni hata ufukoni. Na tuukalie, tufanye kazi.